Kikokotoo, nyumba ya Tukuyu na hesabu ya uzee mrefu

JUNI 13, 2024, aliyekuwa Waziri wa Fedha, Dk. Mwigulu Nchemba, alisimama bungeni Dodoma kusoma bajeti ya Serikali ya mwaka 2024/25. Katika hotuba ile ndefu palikuwa na sehemu moja ambayo watumishi wa umma waliisubiri kuliko nyingine zote. Malipo ya mkupuo kwa wastaafu yangepanda kutoka asilimia 33 hadi 40 kwa kundi ambalo zamani lilipata asilimia 50, na kutoka asilimia 33 hadi 35 kwa kundi ambalo zamani lilipata asilimia 25.

Walimu, wauguzi, makarani wa halmashauri na maofisa ugani walipumua kidogo. Tangu mwaka 2018 neno kikokotoo limekuwa likitajwa katika vyumba vya walimu kama jina la ugonjwa. Mjadala wake, hata hivyo, umekuwa wa upande mmoja. Tumebishana kwa miaka mingi juu ya kiasi ambacho mstaafu atakipokea siku ya kwanza. Tumezungumza kidogo mno juu ya siku ya elfu tano, pale mstaafu yule yule atakapokuwa na miaka 74, magoti yanauma, na mvua ya Tukuyu haijakatika kwa wiki nzima.

Makala haya yanalitazama suala hilo kutokea wilayani Rungwe, mkoani Mbeya. Sababu ni kwamba Rungwe ni miongoni mwa wilaya ambazo watu wake hutoka kwa wingi kwenda kufanya kazi mbali, na hurudi kwao wanapozeeka. Mwalimu aliyefundisha Tabora, karani wa bandari aliyeishi Temeke, askari aliyestaafia Songea, wote huota ndoto inayofanana: nyumba ya bati jekundu kando ya migomba, ng'ombe wawili wa maziwa bandani, na mlima Rungwe ukionekana asubuhi ukungu unapoinuka. Ni ndoto nzuri, ila inahitaji kuwekwa katika tarakimu.

Kwanza tukumbushane tulikotoka. Sheria iliyoanzisha Mfuko wa Hifadhi ya Jamii kwa Watumishi wa Umma, PSSSF, ilianza kutumika Agosti 1, 2018, ikiunganisha mifuko minne ya PSPF, LAPF, PPF na GEPF. NSSF ikaachiwa sekta binafsi na watu waliojiajiri wenyewe. Kanuni zilizofuata ziliweka mkupuo wa asilimia 25 kwa wote, na kelele zikasikika nchi nzima. Desemba 28, 2018, Rais John Magufuli alikutana na wadau Ikulu, Dar es Salaam, akaamuru kanuni za zamani ziendelee hadi mwaka 2023. Kabla ya muda huo kwisha, kanuni mpya ya asilimia 33 ikaanza Julai 1, 2022. Miaka miwili baadaye ndipo ikaja hiyo asilimia 40.

Serikali haikuibuni hatua hii kwa kupenda kuwaudhi walimu. Watumishi wengi wa umma walioajiriwa kabla ya Julai 1999 hawakuwa wakichangia mfuko wowote. Pensheni yao ilikuwa ahadi ya Hazina. PSPF ilipoanza ilirithi watu hao na kulazimika kuwalipa kwa fedha za waliokuwa wakichangia. Deni hilo lilikua kwa miaka hadi Desemba 2021, Serikali ilipotoa hatifungani maalumu isiyo taslimu ya Sh2.17 trilioni ili kulipunguza. Kwa maneno mengine, kikokotoo kilibanwa kwa sababu mwajiri mkuu kuliko wote hakuwa amelipa sehemu yake kwa wakati. Mstaafu wa leo ana haki ya kulijua hilo, hata kama kulijua hakumwongezei senti.

Sasa twende kwenye hesabu, na msomaji anaweza kuchukua kalamu. Tuchukue mfano wa mwalimu aliyefanya kazi miaka 30 kamili, yaani miezi 360, na ambaye wastani wa mishahara yake bora ya miaka mitatu ni Sh1,000,000 kwa mwezi, sawa na Sh12,000,000 kwa mwaka. Tumechagua kiasi hicho kwa sababu ni rahisi kukokotoa. Kila mtu anaweza kuweka cha kwake.

Kwa kanuni ya zamani ya PSPF na LAPF, miezi 360 iligawanywa kwa 540, kisha ikazidishwa kwa mshahara wa mwaka. Pensheni kamili ikawa Sh8,000,000 kwa mwaka. Nusu yake ilizidishwa kwa 15.5, mwalimu akaondoka na Sh62,000,000 mkononi. Nusu iliyobaki ikagawanywa kwa miezi 12, akapata Sh333,333 kila mwezi maisha yake yote.

Kwa kanuni ya sasa, miezi hiyo hugawanywa kwa 580 badala ya 540. Pensheni kamili inashuka hadi Sh7,448,276 kwa mwaka. Asilimia 40 yake huzidishwa kwa 12.5, na mkupuo unakuwa Sh37,241,379. Asilimia 60 iliyobaki humpa Sh372,414 kwa mwezi.

Mara nyingi tumeambiwa kwamba mstaafu asinung'unike, kwa kuwa anachopoteza katika mkupuo anakirudisha katika malipo ya mwezi. Tuipime kauli hiyo. Mwalimu wetu amepoteza Sh24,758,621 katika mkupuo. Nyongeza yake ya mwezi ni Sh39,081. Ili nyongeza hiyo ifikie kile alichopoteza zinahitajika takriban miezi 634, yaani karibu miaka 53. Akistaafu akiwa na miaka 60, atalipwa sawasawa atakapokuwa na miaka 113. Hapana shaka Mungu anaweza kumjalia, lakini mpango wa fedha haujengwi juu ya muujiza. Waliolalamika walikuwa na hoja ya kihesabu, na ingekuwa uungwana wahusika kukiri hivyo badala ya kuwaita watu wasioelewa.

Hata hivyo, upo upande wa pili ambao vyama vya wafanyakazi havikuupigia debe. Tulinganishe asilimia 33 ya mwaka 2022 na asilimia 40 ya mwaka 2024, kwa mwalimu yule yule. Kwa asilimia 33 angepata mkupuo wa Sh30,724,138 na pensheni ya Sh415,862 kwa mwezi. Kwa asilimia 40 mkupuo unaongezeka kwa takriban Sh6,500,000, na pensheni ya mwezi inapungua kwa takriban Sh43,400. Gawanya ya kwanza kwa ya pili, utapata miezi 150, ambayo ni miaka 12 na nusu.

Hiyo namba 12.5 ndiyo siri ya jambo lote. Mkupuo si zawadi, wala si bonasi ya utumishi mwema. Ni sehemu ya pensheni ya miaka 12 na nusu ambayo mstaafu amelipwa mapema. Aliyestaafu akiwa na miaka 60 amelipwa mapema hadi atakapofikisha miaka 72 na nusu. Akifariki kabla ya hapo, mkupuo mkubwa ulimfaa. Akiishi zaidi ya hapo, kila mwezi unaofuata anaishi na pensheni iliyopunguzwa kwa ajili ya fedha alizokwisha kuzitumia zamani. Na Watanzania wanaofika miaka 60 siku hizi huishi, kwa wastani, zaidi ya miaka 15 mingine. Wengi wetu tunawajua wazee wa Masoko na Mwakaleli waliopita 85 na bado wanapanda mlima kwenda kanisani.

Je, hiyo ina maana mkupuo mkubwa ni hasara? Inategemea unakokwenda. Tuseme mwalimu wetu alichukua ile Sh6,500,000 ya ziada akanunua hatifungani ya Serikali ya miaka 25. Hatifungani hizo zilianza kuuzwa na Benki Kuu mwaka 2021 kwa riba ya asilimia 15.95, na mwaka 2022 riba ikashushwa hadi 12.56. Hata kwa kiwango hicho cha chini angepata Sh816,400 kwa mwaka, ambazo ni kama Sh68,000 kwa mwezi, ingawa hulipwa mara mbili kwa mwaka. Amepoteza Sh43,400 ya pensheni, amepata Sh68,000 ya riba, na mtaji wenyewe bado upo, utarudi kwake au kwa warithi. Ni mstaafu huyu tu aliyefaidika na nyongeza ya mwaka 2024. Aliyeitumia kumalizia uzio wa nyumba alijikopesha mwenyewe pensheni yake, na anailipa kila mwezi.

Viwango vya riba hupanda na kushuka, kama mfano wa mwaka 2022 unavyoonyesha, na mtu asinunue kitu kwa kusoma gazeti bila kuuliza benki. Kinachozungumzwa hapa ni mwelekeo: fedha ya mkupuo igeuzwe tena kuwa kipato cha mwezi, kwa njia yoyote ambayo haihitaji nguvu za kijana. Vipande vya mifuko ya uwekezaji ya UTT, iliyoanza na Mfuko wa Umoja mwaka 2005, ni njia mojawapo kwa wenye kiasi kidogo. Hatifungani ni nyingine kwa wenye kuanzia Sh1,000,000.

Kuna adui mwingine asiyepiga hodi, nao ni mfumuko wa bei. Benki Kuu hulenga kuuweka kati ya asilimia 3 na 5 kwa mwaka, na kwa viwango vya Afrika hilo ni jambo la kujivunia. Lakini hata bei zikipanda kwa asilimia 4 tu kila mwaka, baada ya miaka 20 ile Sh372,414 itanunua kile ambacho leo kinanunuliwa kwa takriban Sh170,000. Pensheni haipandi yenyewe kila sukari inapopanda. Hupanda pale mamlaka zinapoamua. Mwenye miaka 60 anayeona pensheni yake inamtosha leo, hajaiona hesabu ya mwaka wa 80.

Sasa turudi Rungwe, kwenye ile nyumba ya bati jekundu.

Nyumba ndiyo inayokula sehemu kubwa ya mkupuo wa mstaafu wa kawaida, na kwa haki kabisa, kwa sababu mtu asiyekuwa na pa kulala hana cha kupanga. Tatizo ni ukubwa wake na wakati wake. Mstaafu anayeanza kujenga baada ya kupokea mkupuo hujenga kwa haraka, kwa bei ya mtu anayejulikana kuwa na fedha, na hujenga nyumba ya familia aliyokuwa nayo miaka 20 iliyopita: vyumba vitano, sebule mbili, huku watoto wote wapo Mbeya, Dodoma na Dar es Salaam. Barabarani kutoka Kiwira hadi Ushirika zipo nyumba kubwa zinazokaliwa na wazee wawili na mjukuu mmoja. Ukiweka milioni 25 katika vyumba visivyolalwa, hulipwi na yeyote. Katika wilaya ambayo sehemu zake nyingi hupata mvua zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, utalipa wewe, kwa rangi, kwa bati na kwa mbao zinazooza.

Jambo ambalo Rungwe inalo na wilaya nyingi hazina ni ardhi inayolipa mwaka mzima. Hapa ndipo mstaafu mwenye akili anapoweza kumpita mwenzake wa mjini. Chai huchumwa kila baada ya wiki moja au mbili, na mkulima mdogo hulipwa kwa mwezi. Kwa tabia yake ni zao linalofanana na mshahara kuliko jingine lolote. Mche ukishatunzwa, hudumu kwa miongo mingi. Baada ya ubinafsishaji, wakulima wadogo wa Rungwe walipata hata hisa, kupitia chama chao, katika kampuni inayoendesha kiwanda cha Katumba, jambo ambalo kwa wakati wake lilikuwa nadra nchini. Ndizi hutoa fedha ya wiki. Maziwa hutoa ya kila siku. Kahawa hulipa kwa msimu.

Na siku hizi kila mtu anasema parachichi. Aina ya Hass imebadilisha mazungumzo ya vijiwe vya Tukuyu, kampuni ya Rungwe Avocado ikiwa miongoni mwa zilizofungua njia kwa kufanya kazi na wakulima wadogo. Novemba 2022, wakati wa ziara ya Rais Samia Suluhu Hassan mjini Beijing, Tanzania ilikubaliana na China kuhusu kuuza parachichi huko, na kabla yake soko la India lilikuwa limefunguliwa. Kwa nafasi ya mita saba kwa saba, ekari moja hubeba takriban miti 80. Mche uliounganishwa huanza kuzaa mwaka wa tatu au wa nne, na huchukua miaka mingine kadhaa kufikia uzao wake kamili.

Hapo ndipo penye kosa linalorudiwa kila mwaka. Mtumishi hupokea barua ya kustaafu akiwa na miaka 60, hupokea mkupuo miezi kadhaa baadaye, hununua ekari mbili, hupanda, kisha husubiri. Miaka minne ya kusubiri hulishwa na mkupuo ule ule, pamoja na palizi, mbolea, dawa na kibarua. Miti inapoanza kuzaa vizuri, mwenye shamba ana miaka 66 na akiba imekwisha. Angepanda akiwa na miaka 48, kwa mshahara, miche kumi kumi kila msimu wa mvua, angestaafu akiikuta miti imekomaa. Tofauti kati ya watu hawa wawili haitokani na elimu wala ukubwa wa mshahara. Ni miaka 12 tu.

Semina za kuwaandaa wastaafu zipo, na ni jambo jema. Lakini zimezoeleka kufanyika mtumishi akiwa amebakiza mwaka mmoja au miezi michache. Kwa mti, muda huo hautoshi hata kidogo. Kama mwajiri na mfuko wanataka semina hizo zifae katika wilaya ya kilimo kama Rungwe, wamwite mtumishi akiwa na miaka 45, si 59.

Tusidanganyane pia kwamba shamba ni salama kama pensheni. Mwezi Machi 2025 Malawi ilizuia mazao kadhaa kutoka Tanzania, ndizi zikiwamo, na mwezi Aprili Tanzania ikajibu kwa kuzuia mazao ya kilimo kutoka Malawi na Afrika Kusini, kabla ya mazungumzo kulegeza mvutano huo. Kwa mtu wa Dar es Salaam hiyo ilikuwa habari ya gazetini. Kwa mwenye migomba wilayani Rungwe, jirani na mpaka wa Kasumulu, ni lori ambalo halikuja. Chai nayo bei yake hutegemea minada. Tanzania ilianzisha mnada wake Dar es Salaam Novemba 2023 baada ya miaka mingi ya kutegemea Mombasa, ila mnada hauwezi kuifuta hali ya soko la dunia. Ndiyo maana busara ni kuwa na vyote viwili: pensheni isiyojua Kasumulu, na shamba lisilojua kikokotoo.

Halafu kuna suala la mwili. Ng'ombe wa maziwa anakula kila siku, Jumapili na sikukuu zikiwamo, na majani hukatwa mteremkoni. Mzee wa miaka 62 huona hayo kuwa mazoezi. Akifika 75 ni lazima alipe kijana, na ujira wa kijana hutoka katika maziwa yale yale. Mpango wowote wa uzee unaotegemea ng'ombe unapaswa kuandika mapema nani atakata majani.

Afya ni mlango mwingine wa kutokea fedha. Mstaafu wa utumishi wa umma aliyekuwa mwanachama wa Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya huendelea kutibiwa yeye na mwenza wake, na hii ni stahili yenye thamani kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Wajukuu na ndugu waliomo nyumbani hawamo. Hospitali ya Makandana ipo pale pale Tukuyu, lakini kwa maradhi mazito safari ni ya Mbeya, mwendo wa takriban kilomita 70, nauli, chakula na msindikizaji. Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote Novemba 2023. Mstaafu mwenye wategemezi nyumbani ana sababu ya kufuatilia utekelezaji wake kuliko mtu mwingine yeyote.

Hatari nyingine huja imevaa tai. Mkupuo unapoingia benki, habari husambaa haraka kuliko mhusika anavyofikiri. Itakumbukwa jinsi DECI ilivyoenea nchini hadi Serikali ilipoizuia mwaka 2009, ikiwaahidi watu kwamba wakipanda mbegu ya fedha watavuna maradufu. Mwaka 2013 Mahakama ya Kisutu iliwatia hatiani baadhi ya viongozi wake. Majina hubadilika, hadithi haibadiliki. Kuna pia ile mikopo ambayo mitaani huitwa kausha damu, ambayo humkamata mtumishi kabla hata ya kustaafu, kiasi kwamba mkupuo unapotoka wenye madai wamekwisha kupanga foleni. Sheria ya kumbakizia mtumishi theluthi moja ya mshahara ipo kwa ajili ya kumlinda, lakini haimfikii anayekopa gizani kwa kuweka kadi yake ya benki rehani.

Mke, au mume, anastahili kutajwa hapa. Hesabu za kustaafu hufanywa kana kwamba mstaafu anaishi peke yake. Mara nyingi mume hufariki kwanza, na mjane hubaki katika shamba ambalo ukoo huliona kuwa lao. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kupata na kumiliki ardhi. Hati ya hakimiliki ya kimila yenye majina ya wote wawili, ikitafutwa wote wakiwa hai, ina thamani kuliko semina nyingi.

Wazee wa zamani wa Unyakyusa walikuwa na namna yao ya kustaafu. Mwanaanthropolojia Monica Wilson, aliyefanya utafiti huko na mumewe Godfrey katika miaka ya 1930, aliandika juu ya vijiji vya rika na juu ya ubusoka, sherehe ambayo mara moja katika kila kizazi wazee waliwakabidhi vijana wao utawala wa nchi, na wao wakasogea kando. Mzee aliachia madaraka na ardhi, na vijana wakabeba jukumu la kumtunza. Kahawa, chai na uhaba wa ardhi viliufuta mpango huo. Zao la kudumu humfunga mwenyewe katika shamba lake, na mwenyewe huwa hataki kusogea. Leo mzee anang'ang'ania ekari zake kwa sababu ndizo pensheni yake, na kijana anapanda basi kwenda Dar es Salaam kwa sababu hana ekari. Simlaumu yeyote kati yao.

Na huyo mzee mwenye ekari, ambaye hakuwahi kuajiriwa na mtu, ndiye mwananchi wa kawaida wa Rungwe. Yeye hana kikokotoo cha kulalamikia. NSSF inaruhusu waliojiajiri kuchangia, lakini kwa aliyekwisha kufika miaka 65 mlango huo umechelewa. Zanzibar ilianza kuwalipa wazee wote wa miaka 70 na kuendelea mwezi Aprili 2016, kwa Sh20,000 kwa mwezi, na mwaka 2023 kiwango kikapanda hadi Sh50,000. Kenya huwalipa wazee wa umri huo Sh2,000 za Kenya kupitia Inua Jamii. Uganda huwalipa wenye miaka 80. Tanzania Bara ina Sera ya Taifa ya Wazee tangu mwaka 2003, lakini hadi mwaka 2025 haikuwa na pensheni kwa wazee wote.

Mwalimu wetu wa mfano, anaporudi kijijini na Sh372,414 zake za mwezi, anamkuta huyo mzee nyumba ya pili. Mara nyingi ni kaka yake. Kaka huyo ndiye aliyelinda mipaka ya shamba kwa miaka 30, aliyezika wazazi, aliyepokea wageni. Hana bima, hana pensheni, na mwezi ukiisha anajua siku ambayo mwalimu amekwenda benki Tukuyu. Hatapewa nusu, lakini atapewa kitu, na kwa mila za huko hakuna atakayethubutu kumnyima. Ongeza rambirambi, maana Unyakyusa msiba hauhudhuriwi mikono mitupu, na karo ya mtoto wa marehemu dada. Anayepanga uzee wake kwa pensheni yake nzima amepanga kwa fedha ambazo hatazishika. Aanze na theluthi mbili, yaani kama Sh248,000, aone kama zinamtosha. Zikionekana hazitoshi akiwa bado na miaka 48, miche ya parachichi ipo.